Malengo ya shahada ya uhandisi ujenzi na ithibati yake: nitazame nini kabla ya kuchagua?

Pimamaji ameuliza:

Habari zenu, wakuu. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya kwanza ya uhandisi ujenzi katika vyuo vikuu viwili, vyote kwa miaka minne, na ninatakiwa kuthibitisha nitakwenda wapi kabla mwezi haujaisha. Nimesoma maelezo ya programu zote mbili kwa makini, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa.

Programu ya kwanza ina vichwa viwili vya habari: "Malengo ya Kielimu ya Programu" na "Matokeo ya Ujifunzaji". Chini ya kichwa cha kwanza imeandikwa kwamba wahitimu watakuwa viongozi katika taaluma yao, watajiendeleza kielimu na wataihudumia jamii kwa uadilifu. Chini ya cha pili kuna mambo saba ambayo mwanafunzi atakuwa anayaweza, kisha sentensi moja inayosema kwamba programu ina ithibati. Programu ya pili ina malengo yanayofanana na hayo karibu neno kwa neno. Tofauti ni kwamba hii imeandika kuwa chuo kina ithibati, haikusema lolote kuhusu ithibati ya programu yenyewe, na ni mpya kiasi kwamba haijatoa mhitimu hata mmoja. Ada yake ni nafuu zaidi na maabara zake, kwa picha nilizoziona, zinang'aa.

Naomba kueleweshwa. Je, malengo na matokeo ni kitu kimoja kilichoandikwa mara mbili? Ikiwa kila idara inaandika maneno yaleyale, yana faida gani kwangu mimi ninayechagua? Na je, ithibati ya chuo haitoshi kuifunika programu iliyo ndani yake?

Timazi amejibu:

Ndugu Pimamaji, swali lako ni la msingi, na baadhi yetu tunaofundisha hulijibu kwa kubahatisha. Nimefundisha makanika ya udongo kwa miaka mingi, na mara mbili nimekuwa mratibu wa ripoti ya kujitathmini ambayo idara huiwasilisha kabla wakaguzi wa ithibati hawajafika. Maneno unayoyalalamikia, basi, mengine ya namna hiyo nimeyatunga mimi mwenyewe, na ninajua yalivyotungwa.

Malengo na matokeo hutofautiana kwa wakati. Malengo ya kielimu hueleza mahali ambapo mhitimu anatarajiwa awe amefika miaka michache baada ya kuondoka chuoni, ilhali matokeo ya ujifunzaji hueleza kile anachopaswa kukijua na kukiweza siku anapohitimu. Ndiyo maana malengo huwa mapana na hufanana kutoka chuo hadi chuo, kwa kuwa hakuna idara inayoweza kumsahihishia mtu karatasi ya mtihani kuhusu kiongozi atakayekuwa baada ya miaka mitano. ABET, ambalo ni shirika la Marekani linalotoa ithibati kwa programu za uhandisi, haliidai idara ithibitishe kwamba kila mhitimu ameyafikia malengo hayo. Linachodai ni kwamba malengo yachapishwe, yaendane na dhamira ya chuo, na yapitiwe upya mara kwa mara kwa utaratibu ulioandikwa na unaowashirikisha wadau, yaani waajiri, wahitimu, wanafunzi na wengineo ambao programu inawahudumia. Kwa hiyo unaposoma malengo, usihangaike sana na uzuri wa sentensi. Uliza yalipitiwa lini mara ya mwisho, nani walikaa mezani, na kitu gani kilibadilika baada ya kikao hicho. Ukiambiwa kwamba hakuna kilichobadilika tangu programu ianzishwe, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba kikao chenyewe hakijawahi kufanyika.

Matokeo ya ujifunzaji ni habari nyingine, kwa sababu hayo hupimwa. Mambo saba uliyoyaona yanaelekea kuwa yale ya ABET, ambayo yalichukua nafasi ya orodha ya awali ya mambo 11 kuanzia ukaguzi wa mwaka wa masomo 2019–2020. Kwa ufupi, mhitimu anatakiwa aweze kulitambua na kulitatua tatizo changamano la kihandisi. Kusanifu kwa kuzingatia afya, usalama na ustawi wa umma pamoja na mazingira, utamaduni na uchumi. Kuwasiliana na watu wa aina mbalimbali. Kutambua wajibu wa kimaadili na kufanya uamuzi wenye hoja. Kufanya kazi katika timu. Kubuni na kuendesha majaribio, kuchambua data na kutoa hitimisho kwa busara ya kihandisi. Na kujifunza jambo jipya pale kazi inapolidai.

Nitatoa mfano mmoja wa jinsi upimaji huo unavyofanyika, maana hapo ndipo ithibati inapopata uzito wake. Mwaka mmoja tulichukua miradi ya usanifu ya mwaka wa mwisho ambayo vikundi kadhaa vilisanifu ukuta wa kuzuia udongo, tukaisahihisha upya kwa jedwali la vigezo lililotenganisha hesabu na maamuzi. Hesabu zilikuwa safi. Wanafunzi walikokotoa msukumo wa udongo, wakahakiki kupinduka, kuteleza na uwezo wa udongo kubeba mzigo, na nondo zikapangwa kama kanuni zinavyotaka. Lakini ripoti ya uchunguzi wa udongo tuliyowapa ilikuwa na kasoro tuliyoipanda kwa makusudi: shimo moja la uchunguzi lilionyesha maji ya ardhini karibu na uso wa ardhi, na jingine lililokuwa hatua chache tu kutoka hapo halikuonyesha maji kabisa. Vikundi vingi vilichukua shimo lililowarahisishia kazi na kuendelea bila kuuliza. Yeyote aliyewahi kuona ukuta uliolemewa na maji yaliyokosa njia ya kutokea anaelewa kwa nini tulikosa usingizi.

Wakaguzi wanapokuja hawakuadhibu kwa kugundua udhaifu wa namna hiyo. Wanataka kuona kwamba uliugundua wewe mwenyewe, kwamba ulifanya jambo, na kwamba ulipima tena. Sisi tulihamisha zoezi la kusoma na kuhoji ripoti za uchunguzi wa udongo kutoka mwaka wa nne hadi mwaka wa pili, tukaliweka ndani ya kazi za maabara badala ya mihadhara, na waliofuata walipofika mwaka wa mwisho tukawapa mtego wa aina ileile. Mzunguko huo wa kupima, kurekebisha na kupima tena huitwa uboreshaji endelevu, na kwa maoni yangu ndio moyo wa ithibati yote.

Kuhusu mtaala, vigezo vya ABET huweka kiwango cha chini cha krediti 30 za muhula (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi) katika hisabati na sayansi za msingi, krediti 45 katika masomo ya kihandisi, na mradi mkubwa wa usanifu unaotumia viwango vya kihandisi na wenye vikwazo halisi zaidi ya kimoja. Juu ya hayo kuna vigezo mahususi vya uhandisi ujenzi, ambavyo chama kinachoviongoza ni ASCE, chama cha wahandisi ujenzi cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1852. Vigezo hivyo hutaka mwanafunzi afanye kazi katika angalau maeneo manne ya fani, kwa mfano miundo, jiotekniki (uhandisi wa udongo na miamba), rasilimali za maji na usafirishaji, na asome uwezekano na takwimu. Vimekuwa pia vikitaka wanaofundisha kozi za usanifu wawe wahandisi waliosajiliwa au wenye elimu na uzoefu wa usanifu, na programu isitegemee mtu mmoja kupita kiasi. Sharti hilo la mwisho wengi hulipuuza, lakini mimi nimeona idara ambayo upande wake wote wa maji ulisimama kwa sababu profesa mmoja alistaafu.

Bikari amejibu:

Mwalimu Timazi amelieleza vizuri upande wa darasani. Mimi ni mhandisi wa miundo niliyesajiliwa, nimefanya kazi katika nchi tatu, na nitazungumzia upande wa usajili, kwa kuwa huko ndiko ithibati inapomuuma mtu ambaye hakuifikiria mapema.

Kwanza, ithibati ya chuo na ithibati ya programu ni vitu viwili, na moja haiwezi kuifunika nyingine. Ithibati ya chuo husema kwamba taasisi ina uongozi, fedha, maktaba na taratibu za kutoa shahada zinazotambulika. Haisemi kama mtaala wa uhandisi ujenzi una hisabati ya kutosha, wala kama kuna mtu aliyewahi kusanifu daraja kati ya wanaofundisha kusanifu madaraja. Ndani ya chuo kimoja chenye sifa njema, programu ya uhandisi wa umeme inaweza kuwa na ithibati na ya uhandisi ujenzi isiwe nayo, na hata shahada mbili zenye majina yanayokaribiana ndani ya idara moja zinaweza kuwa na hadhi tofauti. Kwa hiyo usiulize "Je, chuo kina ithibati?" bali taja jina kamili la shahada kama litakavyoandikwa kwenye cheti chako, kisha ulitafute kwenye orodha ya chombo chenyewe kinachotoa ithibati, wala usitegemee tovuti ya chuo peke yake.

Pili, soma jina la shahada neno kwa neno. Uhandisi ujenzi na teknolojia ya uhandisi ujenzi hukaguliwa kwa vigezo tofauti, na ndani ya ABET hushughulikiwa na tume mbili tofauti. Kimataifa pia yapo makubaliano tofauti: Makubaliano ya Washington ya mwaka 1989 kwa wahandisi, Makubaliano ya Sydney ya mwaka 2001 kwa wanateknolojia wa uhandisi, na Makubaliano ya Dublin ya mwaka 2002 kwa mafundi sanifu. Sisemi kwamba njia moja ni bora kuliko nyingine, kwa sababu nimefanya kazi na wanateknolojia ambao niliwaamini kuliko wahandisi wengi. Ninachosema ni kwamba mtu aingie akijua mlango anaoingilia.

Makubaliano ya Washington yalianza na nchi sita, yaani Australia, Kanada, Ayalandi, New Zealand, Uingereza na Marekani, na baadaye nyingine zikajiunga, zikiwamo Afrika Kusini mwaka 1999, Japani mwaka 2005, India mwaka 2014 na China mwaka 2016. Vyombo vilivyotia saini hukubaliana kwamba programu zilizopewa ithibati na kila kimoja wao zina ulingano wa kutosha katika kumwandaa mtu kuanza kazi ya uhandisi. Hapa kuna mitego mitatu ambayo nimeona watu wakinaswa. Wa kwanza ni kudhani kwamba makubaliano hayo hutoa leseni, kumbe yanatambua elimu tu, na kila nchi hubaki na mitihani yake, miaka yake ya uzoefu na mahojiano yake. Wa pili ni tarehe, kwani shahada iliyotolewa kabla nchi husika haijawa mwanachama kamili kwa kawaida haihesabiwi. Wa tatu ndio ulionishangaza mimi mwenyewe: utambuzi huo unahusu ithibati ambayo chombo kimeitoa ndani ya mipaka ya nchi yake. ABET, kwa mfano, hukagua programu nyingi nje ya Marekani, na ithibati hiyo ni halali na ina heshima yake, lakini haiingii moja kwa moja katika Makubaliano ya Washington kana kwamba programu ingekuwa Marekani.

Kuhusu leseni, chukua mfano wa Marekani, ambako jimbo la Wyoming lilikuwa la kwanza kuweka sheria ya kuwasajili wahandisi mwaka 1907. Njia ya kawaida leo ni shahada yenye ithibati, mtihani wa misingi ya uhandisi, takribani miaka minne ya uzoefu chini ya mhandisi mwenye leseni, kisha mtihani wa utendaji wa kitaalamu. Majimbo mengine humruhusu mwenye shahada isiyo na ithibati kupita, lakini mara nyingi kwa kumwongezea miaka ya uzoefu au kutaka shahada yake ichambuliwe kozi kwa kozi. Uingereza nayo ina sura yake: shahada ya kwanza ya miaka mitatu yenye ithibati humtosheleza kielimu yule anayetaka ngazi ya mhandisi mshiriki, lakini anayetaka ngazi ya juu, ile ya mhandisi mwenye hati ya kifalme, huhitaji masomo ya ziada hadi kiwango cha uzamili. Kwa hiyo swali la kuuliza idara si "Mna ithibati?" tu, bali ni "Ithibati yenu inamfikisha mhitimu kwenye ngazi ipi ya usajili, na anabakiza nini?"

Mtalimbo amejibu:

Nawaheshimu wakubwa wawili waliotangulia, lakini naomba kuweka neno la upande wa pili, maana kijana huyu asije akaamini kwamba muhuri wa ithibati ndio unaofundisha.

Mimi nimesoma programu yenye ithibati, na nakumbuka wiki ya ukaguzi. Mashine ya kupima mgandamizo wa zege iliyokuwa imelala tangu niingie mwaka wa kwanza ilitengenezwa siku chache kabla ya wageni kufika. Tuliambiwa tusome matokeo saba ya ujifunzaji ili tukiulizwa tuyataje, na tukayataja kwa ghibu kama kasuku. Baada ya wageni kuondoka, maisha yakarudi yalivyokuwa. Sasa nasimamia ujenzi wa barabara, na kati ya vijana ninaowapokea kila mwaka siwezi, kwa kuwatazama wanavyofanya kazi, kumtenga aliyetoka kwenye programu yenye ithibati na yule asiyetoka huko. Ninachoweza kukitambua mapema ni nani aliwahi kushika darubini ya upimaji akiwa kwenye tope na nani aliiona kwenye slaidi.

Jambo jingine ni gharama. Makaratasi ya ithibati yanakula muda wa wahadhiri, na huo ni muda ambao wangeutumia kuwapeleka wanafunzi kwenye eneo la ujenzi. Mwalimu Timazi ametuambia kwa uaminifu kuhusu mtego wa maji ya ardhini, na ninaukubali kwamba ni ufundishaji mzuri. Lakini je, mwalimu wa aina yake asingefanya vile hata kama wakaguzi wasingekuja?

Timazi amejibu:

Ndugu Mtalimbo, swali lako la mwisho nimelifikiria kabla ya kuandika, na jibu la kweli ni kwamba huenda ningeweka ule mtego, lakini nisingepata nafasi ya kubadili mwaka wa pili. Zoezi lilipohamishwa, mwenzangu mmoja alipoteza saa zake za mihadhara, na hakuzitoa kwa hiari. Kilichosukuma jambo lile kwenye kikao cha idara ni kwamba lilikuwa limeandikwa, lilikuwa na ushahidi, na kila mtu alijua kwamba kuna siku mgeni angeuliza limefikia wapi. Ithibati humpa mwalimu mwenye hoja fimbo ya kuegemea ndani ya taasisi yake mwenyewe, na faida hiyo haionekani kwenye ukurasa wowote wa malengo.

Maigizo ya wiki ya ukaguzi nayajua, sitayakana. Wakaguzi wengi wanayajua pia, kwa kuwa nao ni wahadhiri na wahandisi waliowahi kukaguliwa. Ndiyo sababu wanaomba kazi za wanafunzi zilizosahihishwa, nzuri na mbaya, na wanakutana na wanafunzi bila walimu kuwapo. Mashine iliyotengenezwa jana inaweza kumdanganya mtu kwa asubuhi moja, lakini ripoti za maabara za miaka kadhaa zisizo na vipimo vya mashine hiyo haziwezi.

Nikuongezee pia, Pimamaji, kwamba ithibati haiji kwa sura moja tu ya ndiyo au hapana. Kwa ABET muda wa juu kabisa kati ya ukaguzi mkuu mmoja na mwingine ni miaka sita. Programu ikionekana kuwa na jambo la kuangaliwa, ambalo bado halijavunja kigezo lakini laweza kukivunja, huandikiwa angalizo. Ikiwa kigezo kinatimizwa kwa namna legelege, huandikwa udhaifu, na kwa kawaida idara hupewa muda mfupi zaidi kisha hutakiwa kuleta ripoti au kupokea wageni tena. Ikiwa kigezo hakitimizwi, hiyo ni kasoro, na hapo ithibati yenyewe inaweza kuwa hatarini. Matokeo hayo ya ndani mara nyingi hayachapishwi, lakini hakuna dhambi kumwuliza mkuu wa idara ukaguzi ujao ni mwaka gani. Programu mbili zinaweza kuitwa zenye ithibati ilhali moja imetulia kwa miaka sita na nyingine inapumulia puani.

Pimamaji ameandika tena:

Nawashukuru sana, wakuu. Nimefanya kama mlivyoelekeza na nimeziandikia idara zote mbili.

Idara ya kwanza imenijibu kwamba malengo yake yalipitiwa upya miaka mitatu iliyopita pamoja na kamati ya washauri kutoka kampuni za ujenzi na mamlaka za maji, na kwamba baada ya kikao hicho waliongeza kozi ya usimamizi wa miradi na kupunguza kozi moja ya kuchora. Jina la shahada nimeliona kwenye orodha ya chombo cha ithibati, likiwa na mwaka wa kuanza. Nilipouliza kuhusu darubini na tope, Ndugu Mtalimbo, waliniambia kwamba upimaji ardhi hufanyika uwandani kwa wiki kadhaa mwishoni mwa mwaka wa pili.

Idara ya pili imenijibu kwa upole na, nadhani, kwa uaminifu. Wamesema hawawezi kupata ithibati kabla ya kutoa wahitimu, kwamba wameanza kukusanya kazi za wanafunzi kwa ajili ya ripoti ya kujitathmini, na kwamba wanatarajia kuomba ukaguzi kundi la kwanza litakapohitimu. Mimi nitakuwa katika kundi la pili. Je, ni kweli kwamba programu mpya haiwezi kupewa ithibati, au ni kisingizio? Na ikipewa baada ya mimi kuhitimu, itanihesabu?

Bikari amejibu:

Ni kweli, si kisingizio. Wakaguzi wanahitaji kuona njia nzima ambayo mwanafunzi ameipita, kuanzia kozi za msingi hadi mradi wa mwisho, na hilo haliwezekani mpaka angalau mtu mmoja awe amehitimu. Kila programu yenye ithibati unayoijua iliwahi kuwa na kundi la kwanza lililoingia bila uhakika. Vyombo vingine hufanya ukaguzi wa awali au hutoa hadhi ya muda wakati programu inaendelea, basi uliza kama chombo chenu kina utaratibu huo na kama idara imeutumia.

Kuhusu kurudi nyuma, ithibati ya mara ya kwanza kwa kawaida huwafikia pia waliohitimu muda mfupi kabla ya ukaguzi, lakini haiwafikii wote waliowahi kupita, na kila chombo kina kanuni yake iliyoandikwa. Ukiwa kundi la pili, na idara ikaomba kama inavyosema, nafasi yako ni nzuri kuliko ya wale wa kundi la kwanza. Tatizo ni kwamba unategemea tarehe ambayo si wewe unayeipanga. Ukaguzi ukiahirishwa kwa mwaka mmoja si jambo kubwa. Ukiahirishwa kwa miaka mitatu, unaweza kujikuta unapeleka muhtasari wa kila kozi uliyosoma kwa bodi ya usajili ili waichambue, na kama umepoteza muhtasari hizo, utarudi chuoni kuzitafuta kwa watu ambao huenda wamekwishahama. Mimi niliwahi kufanya kazi hiyo kwa kozi mbili tu nilipohama nchi, na ilinichukua miezi.

Kama ada ya programu ya pili ndiyo inayokuvuta na huna uwezo wa ile ya kwanza, usiikatae kwa hofu. Nenda, lakini tangu wiki ya kwanza hifadhi muhtasari wa kila kozi wenye idadi ya krediti, vitabu vilivyotumika na mada, pamoja na ripoti zako za maabara na za miradi. Waombe pia majina ya wahadhiri watakaofundisha kozi za usanifu, uone wangapi wamesajiliwa kama wahandisi. Picha za maabara zinazong'aa hazitakuambia hilo.

Mtalimbo amejibu:

Hapo kwenye kuhifadhi karatasi nakubaliana na Mkuu Bikari bila kupinga neno. Wiki kadhaa uwandani kwa kozi ya upimaji pia ni jibu zuri kuliko nilivyotarajia. Waulize kitu kimoja tu zaidi: wanafunzi wangapi wanatumia chombo kimoja cha upimaji. Wakikuambia kumi na watano, ujue kwamba kumi na wawili wanashikilia mwavuli.

Pimamaji ameandika:

Nimeuliza. Wamesema wanne. Nitathibitisha nafasi yangu katika programu ya kwanza kesho asubuhi.